Kimya cha Kifungu cha Tisa

9 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Mwaliko wenu umefika. Una nembo ya kampuni juu, una saini ya bosi chini, na umeanza na "Mtaalamu Mheshimiwa". Wakati unaingia, mtaalamu mheshimiwa nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya Sista wa wadi ya wazazi, natafuta waya wa printa uliochomoka. Nilicheka mpaka Sista akauliza kama nimejigonga kichwa.

Naandika kwa kalamu kwa sababu unajua simu zetu zinavyoisha: mmoja anamkatia mwenzake, kisha Mama anapigiwa asuluhishe. Karatasi haikatiki.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Kampuni yenu imeandika rasimu ya kanuni zitakazofuatwa na programu zote za hospitali zinapotuma vyeti vya dawa kwenye dirisha la dawa. Mmeiweka mtandaoni kwa siku sitini, mmealika watunga programu ishirini kutoka nje tuichambue, na mwandishi mkuu ni wewe. Hongera. Nimeandika hongera, isije ikasemwa sikuandika.

Nimejisajili kwa jina la Chekeche. Mama alinipa jina hilo kwa kuona mdudu kwenye unga ambao wenzangu wameshaupitisha, na nadhani ndiyo kazi mnayoitaka.

Huyo Mama mwenyewe amechapisha picha yako ya ofisini, ile umekunja mikono mbele ya ukuta wa kioo. Ameitundika sebuleni pale palipokuwa na cheti changu cha kompyuta. Hakukitupa, la hasha. Amekisogeza kando ya swichi ya taa, na kila anayewasha taa anakipiga kiwiko.

Nimesoma kurasa za mwanzo. Ukurasa wa tatu kuna shukrani. Nimehesabu watu kumi na wanne, na wa kumi na mbili ni mhudumu wa chai wa ghorofa yenu. Simchukii, chai ni kazi. Lakini ile namba inayosafiri na cheti cha dawa kutoka kwa daktari mpaka dirishani, ambayo umeipa kifungu kizima cha sita, niliichora mimi kwenye daftari la kijani, juu ya meza ya jikoni, wewe umekaa mkabala unatafuna kucha. Jina langu nimelitafuta kwenye orodha ile mara mbili. Mara ya pili nilitumia rula.

Sina wivu. Nauliza tu kama msomaji.

Dada yako,
Chekeche


16 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za dharura, maana mezani kwangu kuna jamaa anaitwa Bwana Tai. Anavaa tai hata siku ya kuhamisha samani. Anakitamani kiti changu mchana kweupe, na nikicheka peke yangu anauliza nacheka nini.

Kuhusu shukrani, siwezi kukueleza sasa hivi. Ukinikasirikia nitakuelewa, ila siwezi. Niamini tu mpaka Mei.

Niruhusu nikueleze taratibu zetu, maana mwaliko ule umeandikwa na mwanasheria na hausomeki. Kila kifungu kina kisanduku chake cha maoni. Ukiandika hoja, inapewa namba, na mimi ni lazima niijibu hadharani kwa neno moja kati ya mawili, "Tumekubali" au "Tumekataa", na sababu, na jina langu chini. Kifungu kisichopata hoja kinahesabiwa kimepita. Kimya ni ridhaa, kama posa za zamani. Na siku ya mwisho majina yenu ishirini yatachapishwa nyuma ya waraka kwamba mlisoma na mkaridhia kila kilichopita.

Jingine: mimi na wewe haturuhusiwi kuzungumza yaliyomo nje ya ukurasa ule. Mwandishi akinong'onezana na mwalikwa, hoja za mwalikwa zinafutwa na mwandishi anaitwa kujieleza. Kwa hiyo tuandikiane habari za Mama, za mvua, za Sista na printa yake.

Ikipita salama, mwezi wa saba inawashwa hospitali mia tatu, na mimi napewa idara nzima ya kanuni. Ikiharibika, Bwana Tai ameshapima ukubwa wa droo zangu. Nakuambia ili ujue, siyo ili unionee huruma. Chekecha, Dada. Chekecha hasa. Wenzako kumi na tisa wana elimu kubwa, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga magoti chini ya meza ya Sista.

Mwambie Mama picha ile aishushe. Nimefumba jicho moja.

Mdogo wako,
Kitinda


22 Machi

[Barua hii haikupelekwa posta.]

Kitinda,

Hii siipeleki. Naiandika nisije nikapasuka.

Nilikuwekea hoja tatu ndogo, za adabu tu, kama mgeni anayegusa sahani ili mwenyeji asijisikie vibaya. Hoja namba 31 ilisema jedwali la kifungu cha tano halieleweki. Jana ukanijibu mbele ya wenzangu kumi na tisa: "Tumekataa. Mtoa hoja hakusoma kifungu cha nne." Na jina lako chini. Mimi sikusoma! Mimi niliyekufundisha kushika mausi ya kompyuta, ukaishika kwa mikono miwili kama unayemkamata kuku.

Leo mchana nimekisoma kifungu cha tisa. Kinahusu uzito wa mgonjwa. Umeandika kwamba nafasi ya uzito ikiachwa wazi, programu ichukue uzito wa mwisho uliomo kwenye faili, kisha ipime dozi kwa uzito huo. Kwa mtu mzima ni sawa, hata ni busara. Lakini wewe hujawahi kukaa wadi ya wazazi. Mimi nina miaka tisa hapa.

Mtoto akizaliwa hana faili. Mpaka apate jina na namba yake, dawa zake huandikwa kwenye faili la mama yake. Na mizani ya watoto ya hapa huweza kumaliza wiki nzima haina betri, kwa hiyo Sista huacha nafasi ya uzito wazi na kuandika kwa kalamu pembeni. Sasa ichukue kanuni yako. Mtoto wa kilo tatu, uzito haukujazwa, programu inachungulia faili, inakuta kilo sabini na moja. Dozi ya mtu mzima inapita. Taa ya kijani inawaka. Dirishani hawaulizi, kwa nini waulize?

Kosa nililiona ndani ya dakika tano. Muda mwingine wote niliokaa pale nilikuwa nabishana na nafsi yangu.

Niliona mambo yatakavyokwenda. Nitaandika hoja. Utajibu "Tumekubali". Rasimu yako itazidi kuwa nzuri, bosi atazidi kukupenda, Mama atatafuta fremu kubwa zaidi. Na mimi? Nitarudi chini ya meza kutafuta waya. Tuliomba kazi ile wote wawili, siku moja, kwa bahasha nilizonunua mimi. Wakakuchukua wewe. Nikasema ni riziki yake, nikakufungia begi. Sasa umechukua na daftari langu, umemshukuru mhudumu wa chai, na umeniambia sisomi.

Nina wivu, Kitinda. Nataka mara moja tu waone kwamba na yule waliyemchukua anakosea.

Zimebaki siku arobaini. Nitasema siku ya mwisho. Acha kwanza ulale na raha yako.

Chekeche


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimemaliza kuisoma rasimu yote. Hoja zangu ni zile tatu. Mbili mmezikubali, moja mmeikataa, na sababu yake imesomwa na kila mtu. Sina la kuongeza. Vifungu vingine vimenyooka.

Mama hajambo. Goti limepoa. Mvua imenyesha siku mbili na dari ya jikoni inavuja palepale. Sista anakusalimu, anauliza hiyo kampuni yenu ina mashine ya kuvuta waya uliopotea.

Picha bado ipo. Mama anasema hilo jicho ulilofumba ni la maringo.

Dada yako,
Chekeche


14 Aprili

Dada, shikamoo.

Leo navunja taratibu, kwa hiyo ukimaliza kuisoma hii ichane.

Kwanza hoja namba 31. Nilipokualika nilitangaza mbele ya wote kwamba wewe ni dada yangu wa tumbo moja. Bosi alikubali kwa sharti moja, nisikupendelee hata kwa nukta. Bwana Tai alikuwa anasubiri hoja yako ya kwanza nitakayoibembeleza, akapeleke habari. Nikakata kwa shoka. Baadaye nilikwenda chooni nikakaa pale muda mrefu. Nisamehe.

Pili, na hili ndilo limenikosesha raha. Ukurasa ule unatunza kumbukumbu. Tunaona nani amefungua kifungu gani na amekaa muda gani. Hatufanyi udaku, tunataka kujua wasomaji wanakwama wapi, maana watu wengi wakikwama hawasemi. Wenzako wote walikipita kifungu cha tisa kwa dakika mbili, tatu. Wewe tarehe 22 Machi ulikaa dakika arobaini na moja. Ulibofya kisanduku cha maoni mara tatu. Hukuandika neno.

Nakujua. Kitu kilicho sawa unakipita bila hata kukitazama, na sifa kwako hutolewa kama dawa, kwa kijiko. Unasimama penye mdudu tu. Nimekisoma kifungu kile mara kumi na moja na mdudu simwoni. Nimempa Bwana Tai akisome, akasema ndicho kifungu bora kuliko vyote. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Dada, kuna nini kifungu cha tisa? Huna haja ya kuniandikia mimi. Nenda kwenye ukurasa, andika hoja, nitaikubali hata ikiwa na matusi. Zimebaki siku kumi na saba.

Kitinda


19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeichana kama ulivyoagiza.

Tarehe 22 Machi karatasi zilikwama kwenye printa ya wadi. Niliacha ukurasa wenu wazi, nikaenda kuzichomoa, nikarudi. Kuhusu kubofya mara tatu, nilikuwa nafuta meza. Sikujua kuna watu mjini wanalipwa kuhesabu nimegusa nini.

Kwa hiyo mlikuwa mnanichungulia. Mimi nilidhani nimealikwa, kumbe nimewekwa kwenye kabati la kioo. Bosi wako anajua nimekaa dakika ngapi, Bwana Tai anajua wewe ni mdogo wangu, mhudumu wa chai ameshukuriwa. Asiyejua kitu ni mimi peke yangu. Ukiniuliza nakuficha nini, na mimi nina swali langu tangu Machi kuhusu ukurasa wa tatu, na jibu nililopewa ni "niamini".

Kama unakiogopa kifungu chako, kirekebishe. Mwandishi mkuu ni nani?

Mama anakwambia ule vizuri.

Chekeche


3 Mei

Dada,

Rasimu ilifungwa Mei mosi. Kifungu cha tisa hakikupata hoja hata moja, kwa hiyo kwa taratibu zetu kilikuwa kimepita. Saa moja kabla ya kufunga, nilikiondoa mwenyewe.

Jana niliitwa chumba cha mikutano. Walikuwa watu tisa. Bosi aliniuliza kama nilipata hoja, nikasema hapana. Akauliza kama nimeona kosa, nikasema sijaliona. Akauliza basi kwa sababu gani, na hapo nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi, dakika arobaini na moja za dada yangu. Wangesema mbona amekaa dakika hizo na hakuandika, na je, umemuuliza? Na nilikuwa nimekuuliza. Dakika hizo sikuzitaja.

Bila kifungu kile waraka haukamiliki, kwa hiyo toleo limeahirishwa mpaka mwezi wa kumi. Hospitali mia tatu zilishapanga mafunzo. Bosi hakupaza sauti, angepaza ingekuwa afadhali. Alisema, "Mwandishi anayeng'oa kifungu kilichopita, na hana sababu, siwezi kumwachia kalamu." Rasimu imekabidhiwa kwa Bwana Tai aishikilie. Mimi nimehamishiwa ghorofa ya chini, nasahihisha nukta kwenye miongozo ya watumiaji.

Sasa la shukrani naweza kukueleza, kwa kuwa muda wa maoni umekwisha. Kwetu aliyetajwa kwenye shukrani anahesabiwa amechangia kuandika, na aliyechangia haruhusiwi kualikwa kuchambua, maana mtu hajichambui. Nilikaa na orodha ile siku mbili. Jina lako lilikuwa la kwanza. Ilinibidi nichague, nikushukuru au nikuulize. Nikakufuta nikakualika. Daftari la kijani nilishaliandikia maelezo yake, na jina lako, vikae kwenye toleo la mwisho ambako hakuna anayekatazwa kutajwa. Bwana Tai ndiye anayeyashika maelezo hayo leo.

Nilitaka jicho lako kuliko nilivyotaka kukufurahisha. Labda hapo ndipo nilipokosea.

Kama kweli ulikuwa unachomoa karatasi kwenye printa, basi nimejimaliza mwenyewe kwa ujinga, na nitaumeza. Niambie tu ni lipi. Mara hii usiniambie habari za dari.

Kitinda


8 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Niliisoma mara ya pili nikiitafuta, kama nilivyolitafuta jina langu ukurasa wa tatu. Nilichokipata ndicho nilichostahili.

Printa haikukwama. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya tarehe 22 Machi ambayo sikukupelekea. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umerudi? Sasa sikiliza yaliyobaki, maana ukisimuliwa nusu utanionea huruma. Nilijiambia nitasema siku ya mwisho. Mei mosi nilifungua ukurasa saa tatu asubuhi nikakaa mbele yake, kumbukumbu zenu zitakuonyesha. Sista aliniletea kiti chenye mto akidhani naumwa mgongo. Siku hiyohiyo kulikuwa na mtoto kitanda cha nne, kilo mbili na nusu, dawa yake ipo kwenye faili la mama yake na nafasi ya uzito iko wazi. Nilimwona kwa macho yangu, bado sikuandika. Nilikuwa nangoja useme kitu ukurasani, unibembeleze mbele za watu kama ulivyonikata mbele za watu.

Kisha kifungu cha tisa kikatoweka. Nikadhani kuna mwingine ameligundua kosa. Unajua nilihisi nini? Sikuhisi nafuu. Nilimwonea wivu huyo mtu, kwamba ameniwahi. Huo ndio ugonjwa wangu, nimekuandikia jina lake kamili. Na huyo mtu alikuwa wewe, uliyekifuta bila kukiona, kwa kuniamini mimi tu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema mshindo wenyewe unamwangukia nani.

Leo asubuhi nimeandika kwenye ile sehemu yenu ya maoni ya baada ya muda. Yatasomwa na wote, nimehakikisha. Nakunakilia hapa ili usiyasikie kwa Bwana Tai:

"Hoja namba 214. Kifungu cha 9. Mtoto mchanga huandikiwa dawa kwenye faili la mama yake mpaka apate faili lake. Uzito ukiachwa wazi, kanuni hii itachukua uzito wa mama, na dozi ya mtu mzima itapita. Nimeshuhudia mafaili ya aina hiyo kwa miaka tisa. Muuguzi mkuu wa wadi ya wazazi ameambatanisha barua yake. Kosa hili nililiona tarehe 22 Machi. Nilinyamaza kwa sababu ya wivu juu ya mwandishi, ambaye ni mdogo wangu. Yeye alikiondoa kifungu bila mimi kumwambia kosa lolote, na alikuwa sahihi. Taratibu zenu zinasema kimya ni ridhaa. Kimya changu hakikuwa ridhaa. Naomba kiandikwe kama kilivyokuwa. Chekeche."

Kwamba uliniandikia Aprili, sikusema na sitasema.

Sista alipoisoma kabla hajatia saini barua yake, alivua miwani. Aliniuliza ningekuwa bado nimekaa kimya kama usingeniandikia habari za shukrani. Nilitaka kumwambia hapana. Nikamwambia sijui.

Dada yako, kama bado,
Chekeche


29 Mei

Dada, shikamoo. Hiyo shikamoo ni ya Mama, amenisimamia kwenye simu mpaka nikaahidi kuiandika.

Hoja namba 214 ilijibiwa, nadhani umeona. "Tumekubali", na chini yake jina la Bwana Tai. Imesomwa kuliko waraka wenyewe. Ghorofa nzima inakujua sasa, mpaka mhudumu wa chai aliniuliza kwa upole kama nyumbani tunaelewana.

Karatasi ya Machi niliisoma yote. Nilifika pale pa kuku nikacheka, halafu nikafika pa bahasha, sikuweza kuendelea siku hiyo. Sikujua ulizinunua wewe. Nilidhani ni Mama.

Bosi aliniita. Aliuliza kwa nini sikumweleza kwamba nilimshuku msomaji aliyekaa muda mrefu. Nikasema nilichelewa kufikiri. Hapo nimedanganya kwa ajili yangu, siyo kwa ajili yako. Kiti hakikurudi. Kwetu aliyetoka nje ya taratibu ametoka, hata kama mlango aliotokea ulikuwa sahihi.

Wiki iliyopita walitafuta mtu wa kukiandika upya kifungu cha tisa, anayeijua wadi kwa kuikalia. Nikaulizwa nampendekeza nani. Nikaomba muda. Nilishuka chini kwenye nukta zangu, nikakaa, na nakiri nililichungulia jina lako na nikafikiria kulinyamazia. Ni jambo jepesi sana, Dada. Sikujua kama ni jepesi hivyo. Halafu nikapanda ngazi nikakutaja. Bosi alisita, kisha akasema mtu aliyejianika vile hadharani hataweza kuficha kitu tena. Barua ya kazi itakufikia wiki hii. Sikukutaja kwa kuwa nimekusamehe. Nimekutaja kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua mizani ile.

Watakupa meza yangu. Droo ya pili inakwama, iinue kidogo ndipo uivute. Bwana Tai usimwoneshe unachocheka.

Mama aliuliza kwa nini nimetolewa. Nimemwambia maoni yalichelewa. Ni kweli, na ni la mwisho nitakalokusitiri. Picha ameishusha, nilimwomba mwenyewe. Cheti chako kimerudi mahali pake, nenda kakione kabla hujafunga begi. Mara hii atakufungia yeye, mimi niko mbali.

Rasimu mpya ikifunguliwa, hata wafanyakazi wa ghorofa ya chini wanaruhusiwa kutoa hoja. Nimeshajisajili. Nitakisoma kifungu chako neno kwa neno, na nikiona kosa nitaliandika siku hiyohiyo, hata kama wivu unanila. Na utanila, Dada.

Mdogo wako,
Kitinda